Eksosomu za Mgonjwa Mwenyewe: Kilichothibitika na Kinachosubiri Ushahidi

Katika lugha ya tiba ni nadra kupata maneno yanayotuliza moyo wa mgonjwa upesi kama haya: "ni yako mwenyewe". Damu yako mwenyewe, seli zako mwenyewe, mafuta ya tumbo lako mwenyewe. Mwenye goti lililolika kwa umri, au mwenye kidonda cha kisukari ambacho kwa miezi kimekataa kufunga, akiambiwa kwamba dawa yake imo ndani ya mwili wake na kinachotakiwa ni kuitoa, kuisafisha na kuirudisha, huona hapo pana kila sababu ya kujaribu na hapana sababu ya kuogopa. Katika miaka ya karibuni ahadi hiyo imepewa jina jipya, nalo ni tiba ya eksosomu. Makala haya yanaeleza eksosomu ni nini, zilivyogunduliwa, na zimejaribiwa wapi kwa wagonjwa. Kisha yanalipima neno "yako mwenyewe", kwa kuwa ndilo linalobeba sehemu kubwa ya ahadi hiyo.

Kifurushi kitokacho ndani ya seli

Eksosomu ni kifuko kidogo mno kilichozungukwa na utando wa mafuta unaofanana na utando wa seli iliyokizaa. Kipenyo chake ni kati ya nanomita 30 na 150 hivi. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita takriban 80,000. Maana yake, eksosomu zipatazo 800 za ukubwa wa wastani zingeweza kupangwa mstari mmoja kukatiza unywele huo. Hadubini ya kawaida, ile inayotumika zahanati kutafuta vimelea vya malaria, haiwezi kuonesha umbo lake. Kwa kazi hiyo huhitajika hadubini ya elektroni.

Ndani ya seli mna vyumba vidogo viitwavyo endosomu. Utando wa chumba hicho hujikunja kuelekea ndani na kujikata, ukaacha vifuko vingi ndani ya chumba kimoja, mfano wa mbegu ndani ya pasheni. Chumba kikifika kwenye ukuta wa seli na kuungana nao, vifuko vyote humwagika nje, na hapo ndipo huitwa eksosomu. Kila kimoja hubeba protini, mafuta na vipande vya RNA kutoka katika seli iliyokitengeneza, na juu ya utando wake huwa na protini zinazosaidia kuamua ni seli gani itakayokipokea. Anayetaka mfano wa karibu na afikirie kifurushi kinachokabidhiwa kondakta wa basi la mkoani. Nje kimeandikwa jina la mpokeaji, ndani kimefungwa alichokusudia mtumaji, na kondakta hana habari ya kilichomo. Mfano huo utafaa tena mbele, hasa pale itakapoulizwa hali ya mtumaji.

Viko pia vifuko vingine vinavyochipuka moja kwa moja kutoka katika utando wa nje wa seli bila kupitia endosomu. Ukubwa wa aina hizi mbili hupishana, na vikisha kuwa ndani ya damu ni vigumu kuzitenganisha. Kwa sababu hiyo chama cha kimataifa cha watafiti wa fani hii kimeshauri, katika miongozo yake ya mwaka 2018 na ile iliyoifuata, kwamba jina la jumla "vifuko vya nje ya seli" litumike, na "eksosomu" liachiwe vile ambavyo asili yake ya ndani ya seli imethibitishwa. Ushauri huo unaonekana kuwa wa kimsamiati tu, lakini una uzito wa kitabibu. Kinachouzwa kwa jina la eksosomu aghalabu ni mchanganyiko.

Kutoka taka hadi barua

Habari ya ugunduzi wake inafundisha jambo kuhusu uharaka wa binadamu kutoa hukumu. Seli nyekundu changa ya damu hujaa vipokezi vya transferini, ambavyo huiingizia madini ya chuma kwa ajili ya kutengenezea himoglobini. Ikisha kukomaa haivihitaji tena. Huvitupaje? Mwaka 1983 maabara mbili zilizofanya kazi kila moja kwa upande wake, ya Rose Johnstone huko Montreal, Kanada, iliyotumia seli za kondoo, na ya Philip Stahl huko St. Louis, Marekani, iliyotumia seli za panya, zilionesha kwamba vipokezi hivyo hutolewa nje vikiwa ndani ya vifuko vidogo. Mwaka 1987 Johnstone na wenzake wakavipa vifuko hivyo jina la eksosomu. Kwa miaka kadhaa wengi waliviona kuwa ni ndoo za taka za seli, na hapakuwa na sababu kubwa ya kuvijali.

Mtazamo ulianza kubadilika mwaka 1996, Graça Raposo na wenzake walipoonesha kwamba eksosomu za seli nyeupe aina ya B zinaweza kuamsha seli nyingine za kinga. Mwaka 2007 kikundi cha Jan Lötvall huko Gothenburg, Sweden, kilionesha kwamba ndani yake mna RNA ambayo ikifika katika seli nyingine inaweza kusomwa na kutumika kutengeneza protini. Kuanzia hapo eksosomu zilianza kutazamwa kama barua. Na penye barua, ndivyo wanasayansi walivyowaza, huenda ikawezekana kumwandikia mgonjwa.

Matumaini ya kurejesha tishu yalitoka wapi

Upande wa kurejesha tishu ulikuja kwa njia ya seli shina. Watafiti waliodunga seli shina za mesenkaima, yaani zile zinazopatikana katika uboho, mafuta na kitovu, kwenye mioyo ya wanyama iliyoumia waliona jambo lisiloelezeka kwa urahisi. Moyo ulipata nafuu kiasi, ilhali seli nyingi zilizodungwa zilikufa au kutoweka upesi bila kugeuka kuwa misuli ya moyo. Ikadhaniwa kwamba kazi haikufanywa na seli zenyewe, bali na kile zilichotoa. Mwaka 2010 kikundi cha Lim Sai Kiang huko Singapore, kikishirikiana na watafiti wa Uholanzi, kilionesha kwamba eksosomu za seli hizo peke yake zilipunguza ukubwa wa sehemu ya moyo wa panya iliyokufa baada ya mshipa kuzibwa na kufunguliwa. Tangu wakati huo yamefuata majaribio mengi ya wanyama kuhusu figo, ngozi, gegedu na neva, na sehemu kubwa yana matokeo ya kutia moyo.

Hapa pana jambo ambalo matangazo huliruka. Eksosomu zilizotumika katika sehemu kubwa ya kazi hiyo zilitoka kwa seli zilizokuzwa maabara, seli za aina moja, zilizochunguzwa, zilizolishwa kwa namna inayojulikana, na mara nyingi hazikuwa za kiumbe kilekile kilichotibiwa. Kuuchukua ushahidi huo na kuupachika juu ya chupa ya vifuko vilivyochujwa kutoka katika damu ya mgonjwa ni sawa na kusifu maji ya bomba kwa vipimo vya maji ya chemchemi. Vyote ni maji, lakini vipimo ni vya kimoja.

Eksosomu za mgonjwa mwenyewe: zilikojaribiwa

Jaribio la kwanza lililopangwa vyema la kutumia eksosomu za wagonjwa wenyewe halikuhusu kurejesha tishu, lilihusu saratani. Seli za dendritiki, ambazo kazi yake ni kuwaonesha askari wa kinga sura ya adui, zilikuzwa kutokana na damu ya mgonjwa. Eksosomu zake zikakusanywa, zikabebeshwa vipande vya protini za saratani, kisha zikarudishwa kwa mgonjwa yuleyule. Matokeo ya awamu ya kwanza yalichapishwa mwaka 2005 kutoka nchi mbili, wagonjwa 15 wa saratani ya ngozi aina ya melanoma huko Ufaransa, na 13 wa saratani ya mapafu huko Marekani, ambao 9 kati yao ndio waliokamilisha tiba. Ilionekana kwamba utengenezaji unawezekana na madhara yalikuwa madogo.

Awamu ya pili ilifanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2016, ikiwa na wagonjwa 22 wa saratani ya mapafu waliokwisha kupata tibakemikali. Watafiti walijiwekea kipimo mapema. Tiba ingehesabiwa kuwa na manufaa iwapo angalau nusu ya wagonjwa wangekaa miezi 4 bila ugonjwa kusonga mbele. Waliofikia hapo walikuwa 7, yaani asilimia 32. Kipimo hakikufikiwa, na watafiti walisema hivyo bila kuficha. Huo ndio uungwana wa sayansi, na inafaa kumkumbusha msomaji kwamba tangazo la kliniki halina safu ya "kipimo hakikufikiwa".

Katika kurejesha tishu, majaribio ya eksosomu za mgonjwa mwenyewe ni machache na madogo. Chuo Kikuu cha Kumamoto, Japani, kilisajili utafiti wa awali wa kutibu vidonda vya ngozi visivyopona kwa plazma yenye eksosomu nyingi, iliyotokana na damu ya wagonjwa wenyewe. Huko Ljubljana, Slovenia, madaktari wa masikio walitumia plazma yenye chembe sahani na vifuko vingi kwa wagonjwa ambao tundu la mfupa nyuma ya sikio lilibaki na uvimbe sugu baada ya upasuaji. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2021, eneo lenye uvimbe lilipungua zaidi kwa waliopata plazma hiyo kuliko kwa waliopata matunzo ya kawaida. Ni habari njema, na utafiti ulikuwa wa kulinganisha makundi yaliyogawanywa kwa bahati nasibu. Hata hivyo wagonjwa walikuwa wachache, na ndani ya plazma ile mlikuwa na chembe sahani pamoja na vifuko, kwa hiyo mtu hawezi kusema ni kipi kati ya viwili kilichoponya.

Mtumaji akiwa mgonjwa

Turudi kwenye kifurushi. Ubora wa kilichomo hutegemea mtumaji. Eksosomu za mgonjwa zimetengenezwa na seli za mgonjwa, zikiwa katika hali ileile ya ugonjwa inayomfanya atafute tiba. Seli za saratani hutoa vifuko vingi, na kikundi cha David Lyden huko New York kilionesha mwaka 2015, kwa majaribio ya panya, kwamba protini za juu ya vifuko hivyo huvielekeza kwenye viungo maalumu, kama mapafu au ini, na kuviandaa viungo hivyo kupokea saratani itakayosambaa. Mtu mwenye uvimbe ambao haujagunduliwa, akikusanyiwa vifuko vyake na kurudishiwa kwa wingi, anarudishiwa nini hasa? Swali hilo halijibiwi kwa kusema kwamba ni vyake.

Kwa nchi za Afrika Mashariki liko swali la pili. Mwaka 2013 vikundi viwili vya watafiti vilionesha kwamba seli nyekundu zilizoingiliwa na vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum hutoa vifuko vinavyopeleka ujumbe kwa vimelea vingine na kwa seli za kinga. Seli zilizoambukizwa bakteria wa kifua kikuu hutoa vifuko vyenye mabaki ya bakteria hao. Mtu anayeishi penye malaria anaweza kuwa na vimelea wachache katika damu bila homa yoyote. Damu yake, kwa macho na kwa maelezo yake mwenyewe, ni damu ya mtu mzima wa afya.

Umri nao una neno lake. Seli shina za mzee, na za mwenye kisukari cha muda mrefu, hufanya kazi kwa udhaifu zikilinganishwa na za kijana mwenye afya, na vifuko vyake hubeba ujumbe tofauti. Ndiyo maana watafiti wengi wa fani hii wamechagua njia ya kutumia seli za wachangiaji wachanga na wenye afya, ingawa "za mwenyewe" zingependeza zaidi masikioni. Faida ya kweli ya kilicho cha mwenyewe ipo. Huondoa hatari ya kupata maambukizi ya mtu mwingine, na hupunguza uwezekano wa kinga ya mwili kukikataa. Kwa seli nzima, kama zile zinazorudishwa katika upandikizaji wa uboho, faida hiyo ni kubwa. Kwa eksosomu, ambazo si seli hai na huamsha kinga kwa kiasi kidogo zaidi, faida yenyewe hupungua.

Ndani ya chupa mna nini

Damu ni mahali pagumu pa kuvulia eksosomu. Plazma imejaa chembe za mafuta, zile zinazobeba kolesteroli, ambazo baadhi zina ukubwa au uzito unaokaribia ule wa eksosomu na kwa idadi huzizidi mara nyingi sana. Chembe sahani zikisumbuliwa kidogo tu, kwa sindano nyembamba mno, kwa kutikiswa, au kwa kucheleweshwa mezani, hutoa vifuko vyake vipya baada ya damu kutoka mwilini. Matokeo yake, sampuli mbili za mtu mmoja zilizoshughulikiwa kwa namna tofauti huweza kutoa chupa mbili zisizofanana.

Njia ya maabara iliyozoeleka kwa muda mrefu ni kuizungusha sampuli katika mashine yenye kani ya mara 100,000 ya mvutano wa dunia, kwa saa kadhaa. Mashine ndogo ya mezani ya kliniki haifiki huko. Yake ni elfu chache. Ziko njia nyingine, za kuchuja na za kupitisha sampuli katika safu zinazotenganisha kwa ukubwa, na baadhi ni nzuri. Lakini mgonjwa aliyetolewa damu na kuchomwa "eksosomu zake" nusu saa baadaye, baada ya mzunguko mmoja wa mashine ya mezani, kwa hakika amechomwa plazma tu.

Usafi ni mtihani mwingine. Eksosomu haziwezi kuchemshwa, kwa kuwa zitaharibika. Huchujwa kwa kichujio chenye matundu ya nanomita 200 hivi, ambacho huzuia bakteria na kuziruhusu eksosomu. Virusi Vya UKIMWI vina kipenyo cha nanomita 100 hadi 120, navyo hupita. Hapo neno "yako mwenyewe" linaegemea kitu kimoja tu, nacho ni karatasi ya jina iliyobandikwa kwenye chupa. Karatasi zikibadilishana, usalama wote umekwenda.

Na kipimo? Kwa vidonge vya metformini mgonjwa hujua ni miligramu ngapi. Kwa eksosomu baadhi huhesabu chembe, wengine hupima protini, na hesabu hizo mbili hazikubaliani. Zikichomwa kwenye mshipa, majaribio ya wanyama yanaonesha kwamba nyingi huondoka katika damu ndani ya muda mfupi, mara nyingine dakika chache, na kuishia kwenye ini, wengu na mapafu. Anayeahidi kwamba dripu ya eksosomu mkononi itakwenda gotini ana deni kubwa la kueleza njia zitakayopitia.

Goti na sindano ya maji ya chumvi

Wapo watakaosema kwamba wamewaona watu waliopata nafuu. Nafuu hiyo haifai kudharauliwa, ila inafaa kupimwa. Ndugu wa karibu wa tiba hii, yaani sindano ya plazma yenye chembe sahani nyingi za mgonjwa mwenyewe, ilijaribiwa Australia kwa watu 288 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea waliokuwa na gegedu la goti lililolika. Nusu walipata plazma yao, nusu maji ya chumvi, sindano tatu kwa kila mmoja, wala hawakujua wamepata ipi. Baada ya miezi 12, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10 yalikuwa yamepungua kwa pointi 2.1 kwa waliopata plazma, na kwa pointi 1.8 kwa waliopata maji ya chumvi. Tofauti hiyo haikuwa na maana ya kitakwimu, na picha za gegedu nazo hazikuonesha tofauti ya maana. Waliochomwa maji ya chumvi wangeweza, kila mmoja kwa ukweli wa moyo wake, kutoa ushuhuda mzuri.

Utafiti huo haukuhusu eksosomu, na hauzihukumu. Unaonesha tu kwa nini eksosomu nazo hazina budi kupita katika mlango uleule kabla familia haijauza shamba kwa ajili yake.

Sheria na anayeanza kuulizia

Nchini Marekani mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilitoa tahadhari kwa umma Desemba 2019 baada ya wagonjwa kadhaa katika jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kufuatia bidhaa zilizouzwa kwa jina la eksosomu, ikakumbusha kwamba hakuna bidhaa ya namna hiyo iliyokuwa imeidhinishwa. Japani hali ni ya aina yake. Sheria ya usalama wa tiba rejeshi iliyoanza kutumika mwaka 2014 iliandikwa kwa ajili ya seli, na kwa kuwa eksosomu si seli, zilibaki nje ya uzio huku kliniki za binafsi zikizitoa. Nchini Tanzania kibali cha kujaribu dawa kwa binadamu hutolewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na idhini ya maadili ya kitaifa hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mgonjwa anayealikwa kwenye tiba ya eksosomu, nchini au ng'ambo, ana haki ya kuuliza kama ni utafiti uliosajiliwa, na kuomba namba yake. Katika utafiti wa kweli kwa kawaida mgonjwa halipi dawa inayojaribiwa. Anapoombwa mamilioni, huyo ni mteja.

Mwenye kidonda cha kisukari asiache, akisubiri eksosomu, yale ambayo ushahidi wake umekwisha kukaa sawa, yaani kuondoa uzito juu ya kidonda, kusafisha nyama iliyokufa, kupimwa mtiririko wa damu mguuni, kutibu maambukizi na kushusha sukari. Kila wiki inayopotea kwa kidonda kirefu huweza kuamua kama mguu utabaki. Mwenye goti naye ana mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito, ambayo hayana jina la kuvutia lakini yamethibitika kupunguza maumivu.

Kwa aliyekwisha kuchomwa, la muhimu ni kuhifadhi karatasi zote alizopewa, pamoja na jina la bidhaa, namba ya toleo na tarehe, na kumweleza daktari wake bila aibu. Homa, baridi ya kutetemeka, kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, au wekundu unaopanda kutoka mahali pa sindano ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo. Daktari atakayempokea achukue damu kwa ajili ya kuotesha vijidudu kabla ya kuanza antibiotiki, kama hali ya mgonjwa inaruhusu, na atoe taarifa ya madhara kwa TMDA. Asipofanya hivyo, mgonjwa wa pili mwenye tatizo hilohilo atahesabiwa kuwa wa kwanza.